Vumbi Lililotoboa Maziwa

Kiwandani walimwita Mama Vijidudu, ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja. Jina hilo alipewa na wanawake wa chumba cha kufungashia, siku walipomwona akikatiza uani na koti lake jeupe na mabuti ya mpira, mkononi ndoo ya matope yanayonuka vibaya, huku akicheka peke yake kama aliyeokota dhahabu.

"Huyo ana watoto," mmoja wao akasema. "Ila wanawe hawaonekani kwa macho."

Jina likaganda, na mwenyewe wala hakukasirika.

Matope yale aliyachota kwenye mtaro uliopita nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali. Aliujua mtaro huo tangu akiwa mdogo. Wazazi wake walipofariki, alichukuliwa na Shangazi, dada wa baba yake, na Shangazi alimlea kwa kufua mashuka pale hospitalini. Mashuka yenye damu, yenye usaha, yenye maziwa yaliyotemwa na watoto wachanga, yote yalichemshwa kwenye mapipa na kusuguliwa kwa sabuni kali na magadi. Jioni Shangazi alirudi na mikono iliyopasuka, akaipaka mafuta ya mgando huku ameuma meno, na binti wa kaka yake amemshikia kopo. Mtu akishaiona mikono kama ile haisahau.

Kwa hiyo aliposoma elimu ya viumbe vidogo na kuajiriwa kwenye maabara ya kiwanda cha sabuni, wazo lake la kwanza lilikwenda kwenye mtaro ule. Maji yake yalikuwa na sabuni miaka nenda miaka rudi, na yalikuwa na damu. Kama kuna bakteria anayeishi humo, basi bakteria huyo amejifunza kula damu ndani ya povu la sabuni, tena kwenye maji baridi. Na kama ameweza mtaroni, atashindwaje kwenye beseni la mtu?

Bakteria hana meno. Akikutana na doa la damu lililo kubwa kuliko yeye, hutema kitu kinachoitwa kimeng'enya, na hicho ndicho kinachokwenda kulikatakata doa lile mpaka liwe vipande vinavyomezeka. Kimeng'enya chenyewe si kiumbe hai. Ni kama mkasi ulioachwa wazi: chochote cha aina yake kikipita katikati, unakata. Mama Vijidudu aligandisha maziwa kwenye visahani vya kioo, meupe kama karatasi, akapaka juu yake matope kidogo kidogo, akasubiri. Visahani vingi havikuonyesha kitu. Kimoja, asubuhi moja, kilikuwa na nukta ndogo ya rangi ya krimu, na kuizunguka nukta hiyo maziwa yalikuwa yametoweka, pamebaki duara angavu kama dirisha. Alikiinua kisahani kwenye mwanga, akachungulia upande wa pili kupitia kidirisha kile, akasema kwa sauti, "Karibu nyumbani."

Kutoka kwenye kisahani hadi kwenye tangi la kuchachushia ilikuwa safari ndefu, yenye povu lililofurika hadi darini na harufu iliyowakimbiza wahasibu ofisini mwao. Lakini alifika. Bakteria walikua tangini wamelishwa molasi na unga wa soya, wakatema vimeng'enya vyao, mchuzi ukachujwa na kukaushwa, ukabaki unga wa rangi ya chai ya maziwa, laini kuliko unga wowote wa ngano. Kijiko kimoja ndani ya debe zima la sabuni ya unga kilitosha.

Wakati huo Shangazi naye alikuwa pale pale kiwandani. Hospitali ilinunua mashine za kufulia ikawaondoa wanawake wote, na Mama Vijidudu ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye chumba cha kufungashia. Siku ya kuonyesha sabuni mpya, Shangazi aliletwa mbele ya wakubwa na shuka lenye damu kavu. Akaliloweka kwenye maji baridi, akalifikicha mara chache kwa vidole viwili tu, kwa madaha, kama mtu anayeosha leso. Damu ikaachia. Alilikung'uta shuka jeupe mbele ya nyuso zao, akasema, "Waliofanya kazi hii ni wajukuu zangu. Wako tangini."

Wakubwa wakacheka wakapiga makofi. Meneja alipiga kuliko wote.

Meneja huyu wafanyakazi walimpachika jina la Bwana Kesho. Hakuwa mtu mbaya. Ukimwambia feni imekufa, atakusikiliza kwa makini, atakushika bega, atasema, "Kesho." Choo kimeziba? "Kesho, mama, kesho." Jambo pekee alilotaka lifanyike leo lilikuwa lile lililoagizwa na mwenye kiwanda. Na mwenye kiwanda sasa alitaka sabuni mpya iongezwe, kwa sababu madukani ilikuwa inanyakuliwa kabla haijapangwa rafuni.

Kikohozi kilianza polepole. Mfungashaji mmoja macho yalimwasha, akasema ni usingizi. Mwingine alipiga chafya mfululizo mpaka wenzake wakamtania kwamba kuna mtu anamsengenya. Mama Vijidudu alipita mle ndani mara moja moja, akasalimia, akatania, akatoka. Aliyemfungua macho ni Shangazi mwenyewe, na hakufanya hivyo kwa kupenda.

Walikuwa wanaishi nyumba moja. Jumapili moja walikuwa wanakunja nguo, wanacheka habari za jirani, na Mama Vijidudu akatambua kwamba muda mrefu umepita hajamsikia Shangazi akicheka mpaka mwisho wa kicheko. Siku za kazi kicheko chake kilikuwa kinakatika katikati. Kesho yake jioni akamtegea sikio alipopanda ngazi. Shangazi alisimama kwenye ngazi ya kati akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, na kifuani mwake mlikuwa na mluzi, mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka.

"Shangazi, unaumwa?"

"Nani anaumwa? Ni baridi."

"Baridi gani? Mimi nimevua sweta."

"Wewe kijana. Acha kunichunguza kama mimi kijidudu chako."

Alimpeleka kliniki kwa ujanja, kwa kusingizia kwamba yeye ndiye mgonjwa na anataka mtu wa kumsindikiza. Daktari alimsikiliza Shangazi kifua mbele na nyuma, akampa mrija apulize, akatikisa kichwa. Kisha akauliza maswali ambayo hayakuwa ya dawa. Kifua kinabana siku gani? Jumapili kinakuwaje? Jumatatu je?

"Jumapili nafuu kabisa," Shangazi alikiri kwa shingo upande. "Jumatatu ndiyo mbaya."

"Basi kinachokuumiza kiko kazini," daktari akasema. "Kuna kitu kipya mlicholetewa?"

Mama Vijidudu alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Alihisi kama amemwagiwa ndoo ya maji. Kitu kipya kilikuwa kimoja tu, na yeye ndiye aliyekileta, kwenye ndoo, akicheka.

Hakutaka kuamini kwa kusikia. Asubuhi aligandisha maziwa kwenye visahani kama alivyofanya mwanzo, akaenda navyo kwenye chumba cha kufungashia, akavifunua na kuviacha wazi: kimoja mezani, kimoja juu ya kabati, kimoja dirishani, kimoja pembeni kwenye kona ambako wanawake walikula chakula chao. Hakupaka kitu. Aliviacha vikae tu, vipokee kile kinachoanguka kutoka hewani. Alipovikusanya na kuvifunika, vilikuwa bado vyeupe. Siku iliyofuata vilikuwa vimetobokatoboka kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Kila chembe ya vumbi iliyotua ilikuwa imekata kitundu chake. Cha kwenye kona ya chakula kilikuwa kibaya kuliko vyote.

Akaenda navyo kwa Bwana Kesho bila kugonga mlango.

"Tazama hii."

Meneja akatazama. "Maziwa yameharibika?"

"Maziwa hayajaharibika. Hii ndiyo hewa ya chumba cha kufungashia. Ule unga wangu ni laini mno, unapeperuka, wanauvuta. Kimeng'enya ni protini ngeni kifuani mwa mtu. Mwili unakiona adui, unajiandaa kupigana nacho kimyakimya kwa wiki nyingi, halafu siku moja unaanza vita. Na ukishaanza, hausahau tena. Hata chembe ndogo inatosha kumbana mtu pumzi."

"Wangapi wanaumwa?"

"Wanaokohoa ninawasikia. Wanaoficha siwajui. Simamisha kufungasha. Nipe muda nitengeneze punje badala ya unga: kimeng'enya kikae ndani, nje tukivike nta, kisipeperuke mpaka kiguse maji."

Bwana Kesho alisimama, akazunguka meza, akamshika bega. Mama Vijidudu alijua neno litakalofuata hata kabla halijatoka.

"Kesho tutazungumza na mwenye kiwanda. Kwa sasa nitawagawia vitambaa vya kufunga puani."

Vitambaa vikagawiwa. Vilikuwa vipande vya shuka kuukuu. Mama Vijidudu aliweka kipande kimoja juu ya kisahani cha maziwa, akakung'uta unga kidogo kwa juu. Maziwa yakatoboka vile vile.

Jioni hiyo ndipo waliposhikana maneno na Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa msichana wa shule.

"Nasikia umekwenda kwa meneja kusema mimi mgonjwa," Shangazi alianza, hata mkoba hajautua.

"Sikutaja jina lako."

"Wangapi mle ndani wana mtoto wa kaka yao maabara? Unataka nimwage unga? Mtu wa umri wangu akitoka pale, nani atamchukua?"

"Shangazi, unga wenyewe ndio unaokuua."

"Nimepumua mvuke wa magadi nusu ya maisha yangu sikufa! Nilichemsha damu za watu ili wewe ukae kwenye kiti usome. Sijakusomesha uje unifukuzishe kazi." Akataka kuendelea, lakini pumzi ikamkatika, akashika ukingo wa meza, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Mama Vijidudu alimletea kile kichupa cha kupuliza alichopewa kliniki. Shangazi alikisukuma. Kisha akakichukua, akampa mgongo, akakitumia kwa siri kama mtu anayefanya jambo la aibu.

Mama Vijidudu alitazama mikono ya Shangazi juu ya meza. Ilikuwa imepona. Sabuni mpya ilikuwa imeinusuru mikono ikahamia kifuani. Hapo ndipo alipokata shauri.

Asubuhi iliyofuata Bwana Kesho alikuja maabara na uso wa furaha. Mwenye kiwanda ameagiza uzalishaji uongezwe maradufu. Tangi lilikuwa limejaa, mchuzi umekomaa, pampu ya hewa inanguruma. Ilibaki kuchujwa na kukaushwa tu.

"Sichuji," alisema Mama Vijidudu.

"Husemi kweli."

"Sichuji, sikaushi, sitoi hata kijiko, mpaka niwe na punje."

"Mama, hili tangi si la mama yako."

"Tangi si langu. Walio ndani ni wangu."

"Basi atachuja mtu mwingine."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wasaidizi walikuwepo, na kazi ya kuchuja haikuwa siri. Mama Vijidudu hakubishana. Alikwenda nyuma ya tangi, kwenye bomba jekundu la mvuke ambalo hutumika kulichemsha tangi likiwa tupu ili lisafike, akaukamata usukani wa valvu kwa mikono miwili, akauzungusha mpaka mwisho. Mvuke ukapiga kelele. Meneja akatoa macho.

"Unafanya nini? Funga! Funga hiyo!"

Yeye alisimama mbele ya valvu, mgongo kwenye chuma, mikono kifuani. Mshale wa joto ukapanda. Kimeng'enya kikipashwa moto kupita kiasi hujikunja kama ute wa yai kwenye kikaango, na yai likishaiva halirudi kuwa bichi. Harufu nzito kama ya mchuzi uliozidi moto ikajaa chumba. Bwana Kesho alijaribu kumzunguka kushoto, akahama naye. Kulia, akahama naye. Walikuwa kama watoto wanaocheza. Mwisho meneja akaacha, akabaki anahema.

"Tayari," Mama Vijidudu akasema, akafunga valvu mwenyewe. "Supu imeiva, bosi."

"Umejifukuza kazi! Unanisikia? Toka! Nenda nyumbani mpaka nitakapokuita!"

"Sawa," akajibu. Akavua koti, akalitundika msumarini, akachukua visahani vyake vya maziwa. Lakini hakuelekea getini. Akakata kona, akaingia chumba cha kufungashia.

Mle ndani kazi ilikuwa inaendelea, kwa sababu stoo bado kulikuwa na mapipa ya unga wa zamani. Mashine ya kuchanganyia inazunguka, wanawake wamejipanga mezani, wanachota, wanapima, wanafunga, vitambaa puani, nyusi zimekuwa nyeupe. Kwenye mwanga wa dirisha vumbi lilikuwa linaelea kama ukungu wa asubuhi. Shangazi alikuwa mwisho wa meza. Alimwona, akainamisha kichwa.

Mama Vijidudu akaweka visahani mezani, katikati ya pakiti.

"Dada zangu, naomba mnitazame kidogo. Haya yalikuwa maziwa mazima. Niliyaacha humu ndani wazi, sikuyagusa. Kilichoyatoboa ndicho mnachokivuta. Nimekitengeneza mimi. Nilidhani nawaletea kitu chema, na kwa nguo ni chema. Kwa vifua vyenu si chema. Nimechemsha tangi lote asubuhi hii na nimefukuzwa. Nimekuja kuwaambia kabla sijatolewa nje."

Mmoja akachukua kisahani, akakitazama kwenye mwanga, akampa mwenzake. Kikazunguka meza nzima. Mfungashaji mmoja mjamzito, aliyeanza kazi mwezi ule tu, alikishika muda mrefu kuliko wengine, akagusa tumbo lake bila kujua.

Bwana Kesho akatokea mlangoni, na nyuma yake walinzi wawili wanaotazama viatu vyao.

"Endeleeni na kazi!" akasema. "Msitishwe na maziwa yaliyochacha. Nimeulizia. Wanaokohoa humu ni wale wa umri mkubwa. Ni vifua vya uzee tu, havina uhusiano na sabuni."

Labda angesema neno jingine lolote mambo yangekuwa tofauti. Mwisho wa meza, Shangazi alifungua kitambaa puani, akakikunja vizuri mara mbili, akakiweka juu ya pakiti ambayo hajaifunga.

"Vifua vya nini?" akauliza.

"Mama, sikukusudia wewe..."

"Nimeuliza, vya nini? Uzee wangu unapumzika Jumapili, unarudi kazini Jumatatu? Uzee una siku ya mapumziko?" Mluzi wa kifua chake ulisikika chumba kizima, na safari hii hakuuficha. "Sikilizeni huu. Sikilizeni vizuri. Nimeuficha kama mimba ya aibu, nikamgombeza mwanangu huyu aliyenisema. Basi. Mimi sifungi pakiti tena leo."

Akavuta gunia la magadi, akaketi juu yake. Yule mjamzito akaketi juu ya la pili. Kisha mwingine, na mwingine. Mmoja akanyoosha mkono akazima mashine ya kuchanganyia, ikazunguka kidogo kwa uvivu, ikasimama. Vumbi likaanza kushuka taratibu juu ya vichwa vyao.

"Mnajua mnachofanya?" Bwana Kesho aliuliza, sauti imepanda. "Nikiwafukuza wote?"

"Tufukuze," akasema Shangazi. "Halafu ukae wewe hapa ufungashe. Hata hivyo, njoo. Si unasema hakuna kitu? Vua koti, ukae nami kwenye kiti changu mpaka saa ya chakula. Tuwashie mashine, tutafanya wote."

Walinzi wakamtazama meneja. Wanawake wakamtazama meneja. Mtu anaweza kukataa maombi, lakini dharau ya watu wengi kwa mpigo ni ngumu kuimeza. Bwana Kesho alivua koti. Akaketi kwenye kiti cha Shangazi, mashine ikawashwa kwa ajili yake peke yake, akachota, akapima, akafunga, vibaya, pakiti zake zote zimepinda. Wanawake wengine walikuwa wamesogea uani, wanamtazama dirishani. Shangazi naye alikatazwa na Mama Vijidudu kukaa ndani; alisimama mlangoni kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Ilipofika saa ya chakula meneja aliinuka, akajipangusa, akavuta pumzi ndefu mbele ya watu wote, akaitoa. Kifua kilikuwa safi kama cha mtoto.

"Mmeona?" akasema kwa ushindi. "Hamna kitu! Sijakohoa hata mara moja!"

Wachache wakaanza kuangaliana kwa wasiwasi. Mama Vijidudu alifungua mdomo ili aeleze, lakini Shangazi akamwahi.

"Na sisi siku ya kwanza tulikuwa hivyo hivyo," akasema. "Wote tulikuwa wazima, tunaimba. Kwa hiyo njoo kesho, Bwana Kesho. Na kesho kutwa. Na mtondo. Njoo mpaka miezi ipite, halafu tutakuuliza kifua."

Kicheko kilicholipuka uani kilisikika mpaka ofisi za mbele. Hakuna aliyewahi kumwita jina hilo usoni kabla ya hapo. Meneja alisimama na koti mkononi, nyusi zake nyeupe kwa unga, na kwa mara ya kwanza ilionekana amefikiria jambo lenyewe: miezi, kiti kile, hewa ile. Alipofika mlangoni alijipangusa mabega tena, kwa nguvu zaidi, kisha akaenda kunawa uso.

Siku iliyofuata hakuja kukaa. Wanawake walikuja, wakakaa uani mwa chumba chao, hawakufunga pakiti. Siku ya pili vilevile. Madukani watu wakaanza kuulizia sabuni, na hapo ndipo mwenye kiwanda alipokuja mwenyewe. Alikuwa bibi mrefu, mjane, aliyeachiwa kiwanda na mumewe, na hakupenda kuzungushwa. Alitazama visahani, akamsikiliza Mama Vijidudu, akauliza swali moja tu: "Hizo punje zinawezekana?"

"Zinawezekana. Siahidi siku."

"Na nikikataa kusubiri?"

"Basi tafuta bakteria wengine na mama yao mwingine. Mimi siutengenezi tena unga ule, hata ukinirudisha na kunipandisha cheo."

Mwenye kiwanda akavisogeza visahani kando. "Cheo hakipo," akasema. "Kwa tangi ulilochemsha, nitaleta mkuu mpya wa maabara na utakuwa chini yake. Lakini punje tengeneza."

Ndivyo ilivyokuwa. Akapokonywa ofisi, akapewa meza karibu na sinki, na mkuu mpya akaletwa, kijana mpole aliyeona aibu kumwamuru. Mama Vijidudu alifanya kazi na fundi wa mitambo waliyemwita Nati. Nati alikumbuka pipa la shaba lililotupwa na kiwanda cha pipi kilichofungwa, lile linalozunguka na kuvika njugu sukari. Walilikomboa kwenye kutu, wakalifunga mota. Punje za kwanza ziligandamana zikawa jiwe moja kubwa kama kichwa cha mtu, Nati akalipa jina la mkuu mpya. Zilizofuata zilipasuka zikiguswa. Walibadilisha nta, wakabadilisha joto, wakagombana, wakapatana, mpaka siku moja pipa likatoa punje ndogo za mviringo, za buluu, zinazobiringika mezani bila kuacha alama. Visahani vya maziwa vikawekwa chumba cha kufungashia kwenye kila kona, juu feni mpya inavuta hewa. Vikabaki vyeupe.

Wanawake wakarudi mezani. Shangazi hakurudi. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: mwili wake umeshaijua protini ile, na hautaisahau mpaka anaingia kaburini. Hata chembe ambayo kisahani hakiioni, kifua chake kitaiona.

Wakamwandalia sherehe ya kumuaga. Meza ikatandikwa kitambaa, soda zikapangwa, mwenye kiwanda akaja na saa ya ukutani iliyofungwa kwa utepe. Bwana Kesho akasoma maneno mazuri juu ya mfanyakazi hodari anayekwenda kupumzika baada ya kulitumikia taifa la wafuaji. Watu wakapiga makofi. Mama Vijidudu, aliyesimama nyuma karibu na Nati, aliona shingo ya Shangazi inakakamaa, akajua kuna jambo.

Shangazi hakuipokea saa.

"Asante," akasema. "Ila saa ninayo. Na mimi siendi kupumzika. Mtu anayepumzika anaacha kazi akiwa anaiweza. Mimi nimeumizwa. Sema hivyo."

Makofi yakafa. Meneja akamtazama mwenye kiwanda.

"Malipo yako ya matibabu tumekwisha kukubaliana, mama," mwenye kiwanda akasema kwa upole.

"Hayo tumekubaliana ofisini, tukiwa wawili. Nataka neno, hapa, mbele ya hawa. Huyu mtoto aliye tumboni mwa mwenzetu, kesho anaweza kuja kufanya kazi humu. Watamwambia nini kunihusu? Kwamba kulikuwa na bibi kizee mmoja akachoka? Sikuchoka."

Alisema hayo kwa vipande, akisimama kuvuta pumzi, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mwenye kiwanda alikuwa ameishika saa kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu. Aliiweka mezani. Mama Vijidudu alitaka kusogea mbele akamsimamie Shangazi, Nati akamshika kiwiko: mwache.

"Uliumia ukifanya kazi yetu," mwenye kiwanda akasema hatimaye. "Unga wetu ndio uliokuumiza, na ulipotuambia, tulichelewa kusikia."

"Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Mwenye kiwanda akainua kichwa. Akarudia, neno kwa neno, kwa sauti iliyogonga kuta.

Shangazi akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyehesabu akakuta imetimia. Akawakumbatia wafungashaji mmoja mmoja, akamkaripia mjamzito kwa kuvaa viatu vya kubana, akachukua mkoba wake. Wafanyakazi wa chumba kile siku zote walitoka kwa mlango wa nyuma, kupitia uani penye mapipa. Yeye alipita katikati ya ofisi, akafuata zulia hadi mlango wa mbele, ule wa wageni, akienda polepole na kusimama kila alipotaka kusimama. Mlinzi alimwona anakuja. Akaacha kiti chake, akamfungulia mbawa zote mbili za mlango.